Pua ya Kuazima

Mlango ulisukumwa kwa bega ukagonga ukuta, na kabla Kichupa hajageuka kuona ni nani, njiti ya kiberiti aliyokuwa karibu kuiwasha ilipigwa kofi ikaruka chini ya meza.

"Una wazimu wewe mwanamke? Unataka kujilipua?"

Sauti ile! Mwaka mmoja na nusu hakuwa ameisikia kwa karibu, na alikuwa ameapa kwamba siku akiisikia tena ataziba masikio. Hakuziba. Alibaki ameshika boksi la kiberiti, akimtazama mumewe akipiga magoti mbele ya mtungi wa gesi, akiifunga koki, kisha akiyakimbilia madirisha na kuyafungua yote mawili kwa ngumi, maana mbao zake zilikuwa zimevimba.

"Umefungua gesi ukaiacha itiririke, halafu unakuja na kiberiti! Chumba kizima kinanuka!"

"Nilikwenda jikoni kutafuta kiberiti kikavu. Hiki cha hapa kimeloa," alijibu Kichupa kwa ukali wa mtu aliyeshikwa na kosa. "Na wewe nani amekukaribisha?"

"Gesi imenikaribisha. Nimeisikia tangu getini."

Tangu getini! Yeye alikuwa ndani, hatua mbili kutoka kwenye mtungi, na hakuwa amesikia harufu yoyote.

Watu wa mtaani walimwita Kichupa kwa sababu ya kazi yake. Alichanganya manukato katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yake, na hakuna aliyempita njiani bila kumwona na kichupa kimoja au viwili mkononi. Mumewe alikuwa seremala. Miaka sita walikaa vizuri, hadi siku ile ya maonyesho, kwenye ukumbi uliojaa watu, mnunuzi mmoja mkubwa alipomgeukia seremala na kumuuliza kwa utani, "Haya, shemeji, wewe unayaonaje marashi ya mkeo?" Naye akajibu bila kupepesa macho, "Asubuhi yananukia, mchana yananuka."

Ukumbi ulicheka. Kichupa alikuwa amehangaika miezi minane na marashi yale. Usiku haukuingia kabla hajafungasha nguo zake na kurudi kwa mama yake. Talaka haikuandikwa, lakini neno lile lilienea mtaani hata watoto wakawa wanaimba.

Sasa mwenye neno alikuwa amesimama mbele yake, penseli nyuma ya sikio, unga wa mbao mabegani, akimkazia macho.

"Hukuisikia," alisema polepole.

"Niliisikia."

"Hukuisikia. Tangu lini hunusi?"

Kichupa aliweka boksi la kiberiti mezani. Miezi mitatu alikuwa ameificha siri hiyo. Homa ilimlaza wiki mbili, ikaondoka, na ikaondoka na pua yake. Aliamka asubuhi moja akafungua chupa ya sandali, akavuta pumzi, akakuta hewa tupu. Tangu hapo alikuwa akichanganya kwa mizani na kwa daftari lake la zamani, tone kwa tone, kama kipofu anayepita nyumba aliyozaliwa. Hakumwambia daktari, wala mama yake. Nani atanunua marashi kwa mtu asiyenusa?

"Miezi mitatu," alisema mwishowe. "Na ukimwambia mtu nitakuchukia zaidi ya hapa, kama bado nafasi ipo."

"Ipo?"

"Ya kubanana, lakini ipo. Sema kilichokuleta."

Seremala alitoa futi yake mfukoni. "Nimekuja kupima chupa. Mwenye duka la magauni ya harusi amenipa kazi ya maboksi ya mbao. Akasema marashi yanatoka nyumba yenye geti la kijani. Kuna mtu hakujua acheke au alie."

"Nani?"

"Mimi."

Kichupa hakucheka. Mwenye duka huyo ndiye aliyekuwa tumaini lake lote. Alitaka marashi ya waridi na mbao, yasiwe matamu kama pipi, ambayo bibi harusi akijipaka asubuhi atakuwa nayo hadi jua linazama, jua kali na jasho visiyaharibu. Angekuja siku hiyohiyo, saa tisa alasiri. Na sasa kulikuwa na watu wawili duniani wenye kujua kwamba aliyeyatengeneza hajawahi kuyanusa.

"Pima uende," alisema, akamsukumia chupa.

Seremala alipima urefu, akapima unene, akaandika kwenye kipande cha ubao. Alipoinama mezani alipita karibu na mkono wa Kichupa. Kichupa alikuwa amejipaka marashi hayo tangu alfajiri, kujaribu tu. Aliona mabawa ya pua ya mumewe yakicheza kidogo. Alijua asiulize. Akauliza.

"Yananukiaje?"

"Mazuri."

Jibu lilikuja haraka mno. Tena lilikuja huku akitazama futi. Kichupa alihisi damu ikimpanda kichwani.

"Umesemaje?"

"Nimesema mazuri. Mazuri sana."

"Miaka sita nimekaa na wewe. Chai yangu ilikuwa na maji mengi. Mto wangu ulikuwa mgumu. Dada yangu alipojifungua ulisema mtoto ana kichwa kama nanasi, ukasema mbele ya baba yake! Hujawahi kusema kitu ni kizuri sana tangu uzaliwe. Unanihurumia?"

"Sikuhurumii."

"Unanihurumia!" Kichupa alirusha kijiko cha kupimia, kikampata begani, kikaanguka. "Nilipokuwa na pua yangu ulinivua nguo mbele za watu kwa ukweli wako. Leo sina pua, leo nauhitaji huo ukweli kuliko maji, ndipo umejifunza kudanganya? Toka! Toka kabla sijachukua kitu kizito!"

Seremala aliokota kijiko akakiweka mezani. Uso ulikuwa umembadilika.

"Waridi limechacha," alisema. "Linanuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa wiki nzima kwenye chombo. Juu yake kuna mwerezi unaopiga kelele kama penseli inayochongwa. Sandali siioni. Mtu akivaa haya mchana kweupe, watu watamuuliza kama ameumwa. Umeridhika?"

Alikuwa ameomba ukweli, na ulipofika ulimchoma vilevile. Tena nyuma yake ilikuja shaka. Vipi kama analipiza? Yeye angejuaje?

"Geuka utazame ukutani," alimwamuru.

"Kwa nini?"

"Geuka!"

Aligeuka. Kichupa alichukua karatasi tano nyembamba, akadondoshea kila moja tone kutoka chupa tofauti, akampa moja moja kwa nyuma. Seremala alinusa akiwa bado ametazama ukuta.

"Sandali," alisema. "Hii mwerezi. Hii waridi, lile lako la zamani, ulilokuwa unaliweka kabatini chini ya shuka. Hii waridi jingine, jepesi, lina uchachu kama ganda la limau." Ya tano aliinusa mara mbili, akaigeuza, akainusa tena. Kisha akageuka mzima na macho yakiwaka. "Hii ni maji."

"Ndiyo."

"Umenitega."

"Nimekutega. Ungesema neno moja kuhusu yale maji, lolote lile, ungekuwa barabarani sasa hivi."

"Mimi ni mwongo sasa?"

"Dakika tano zilizopita ulikuwa."

Seremala alianza kubisha. Lakini Kichupa hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa ameshika karatasi ya nne. Waridi jingine, jepesi, lenye uchachu. Kumbe ndiyo yale mafuta mapya! Muuzaji wake wa zamani alikuwa amefunga duka, Kichupa akanunua kwa mwingine, na kwa kuwa hakuweza kunusa aliyapima kwa kipimo kilekile cha daftari. Waridi lilikuwa dhaifu, mwerezi ukalipanda kichwani.

Alifungua daftari. Hakutazama mtu. Midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti, na kichwani mwake harufu zote zilikuwepo, zimepangwa kama nguo kwenye sanduku. Mwerezi upungue nusu. Sandali iongezwe. Waridi la zamani lililobaki chini ya chupa limsaidie mwenzake, na punje ya pilipili manga iloweshwe ili ule uchachu upate sababu ya kuwepo.

"Saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro," alisema seremala.

"Una kazi leo?"

"Ninayo."

"Iache. Vua saa na ukunje mikono ya shati."

Haikuwa ombi. Seremala alivua saa, akakunja mikono ya shati.

Mchanganyo wa kwanza seremala aliukataa kwa neno moja, "Dawa ya mbu." Wa pili aliusogeza mbali. "Waridi lipo, lakini limevaa koti." Kichupa alimwambia koti alivae mwenyewe aache mafumbo. "Mbao ni nzito," alisema basi seremala, "ua halipumui." Wa tatu aliunusa, akaurudia, akasema, "Mwanzo ni mkali. Ulainishe." Kichupa akakataa. "Basi usubiri kwenye ngozi." Kichupa akaosha yale ya alfajiri, wakajipaka saa tatu na nusu: yeye mkono wa kushoto na shingoni, seremala kwenye mkono wake wenye makovu ya patasi.

"Mimi wa nini?" aliuliza.

"Ngozi yangu imekaa kivulini. Bibi harusi atacheza, atakumbatiwa na watu mia, atatoka jasho. Nataka mtu wa jasho. Madirisha yangu yamevimba na randa unayo kwenye begi. Nenda juani ukayapige randa."

"Yaani niwe marashi na niwe fundi?"

"Na unyamaze, kama unaweza."

Alifanya kazi kwenye ua hadi shati likamganda mgongoni. Kila nusu saa aliitwa. Alinusa mkono wake, akanusa mkono wa mkewe. Alikuwa akiushika kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika kitu cha watu, akainama, akavuta pumzi, akauachia. Kichupa alitazama dari. Alihesabu mbao za dari. Alizihesabu mara tatu na kila mara zikaja idadi tofauti.

"Mbao zimeingia," alisema saa nne na nusu. "Zimekaa nyuma, kama wazazi kwenye picha."

Saa tano na nusu alisema, "Uchachu umeondoka."

Saa sita alisimama kizingitini akipangusa jasho, na Kichupa, bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka sita, alimsogelea akainamisha uso kwenye mkono wake ili anuse. Alivuta pumzi. Hapakuwa na kitu. Si waridi, si sandali, si ile harufu ya jasho na unga wa mbao ambayo zamani angeitambua gizani kati ya wanaume elfu. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Alibaki ameinama, nywele zake zikiugusa mkono ule, na hakuna kati yao aliyesogea.

"Hata kidogo?" aliuliza seremala kwa sauti ya chini.

"Hata wewe." Alijivuta nyuma haraka. "Usinitazame hivyo. Nimekwambia sitaki huruma."

"Si huruma."

"Ni nini basi?"

Seremala aliweka randa chini. "Wiki nzima kabla ya maonyesho nilikwambia marashi yale yanageuka mchana. Ukaniambia mimi ni mtu wa randa na msumeno, nijue msumari wangu. Nilipoulizwa ukumbini nilikuwa na hasira."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Sijasema hivyo. Nilijua watacheka. Nilijua, na nikasema. Ndilo kosa langu, na ninalala nalo kila siku."

Kichupa alikuwa amelisubiri neno hilo mwaka mmoja na nusu, na amepanga majibu kumi ya kulijibu. Yote yalikuwa makali, yote yalikuwa mazuri. Lililotoka halikuwamo miongoni mwake.

"Ungekuja ukaniambia," alisema.

"Nilikuja mara nne. Mama yako alinimwagia maji mara mbili."

"Na zile nyingine?"

"Hakuwa na maji karibu. Alitumia ndoo tupu."

Kichupa aliuma mdomo ili asicheke, maana hasira yake aliilea kwa muda mrefu na hakutaka kuipoteza kwa mzaha mmoja. Na kama vile ametajwa akasikia, mama mwenyewe akatokea getini. Alikuwa ametoka kupima presha hospitali, mkoba begani, na alimwona mkwewe kabla hajafunga geti.

"Huyu amefuata nini hapa?"

"Shikamoo, Mama," alisema seremala.

"Shikamoo yako iache njiani ulikoitoa! Nimeuliza, amefuata nini?"

"Amekuja kupima chupa, Mama," alisema Kichupa. "Za maboksi."

"Chupa zinapimwa na shati limelowa?" Mama alisogea karibu amsukume mkwewe nje, akasimama ghafla. Pua yake ilinusa upande huu, ikanusa upande ule. Alimsogelea binti yake, akarudi kwa mkwewe. "Hee! Harufu moja! Yaani mwaka na nusu ninakufuta machozi, nikitoka kidogo kupima presha mnabaki kunipandishia nyingine?"

"Mama, si unavyodhani."

"Marashi yameruka yenyewe yakamwangukia?"

"Nilimpaka mimi. Alikuwa ananinusia." Kichupa aliona hakuna njia nyingine isipokuwa ile iliyonyooka. "Mimi sinusi, Mama. Tangu ile homa."

Mama alitafuta kitu cha kukalia, akakalia ngazi.

"Juzi mchuzi," alisema. "Ulisema unanukia vizuri."

"Najua."

"Ulikuwa umeungua, mwanangu. Ulikuwa mkaa mtupu. Nikasema mtoto ana adabu, hataki kuniudhi." Aliufungua mkoba, akaufunga. Kisha akamgeukia seremala, na huzuni yake ikapata mahali pa kwenda. "Na wewe umejua lini?"

"Leo asubuhi, Mama."

"Mimi nakaa naye nyumba moja miezi mitatu sijajua. Wewe umeingia kama paka wa jirani, umejua!" Alisimama. "Nenda zako. Cha kuazima hakisitiri. Leo pua yako inanusa, kesho mdomo wako utatangaza ukumbini kwamba mke wako hana pua. Mimi nakujua."

Seremala alianza kukusanya vifaa. Hakujitetea. Pengine kama angejitetea, Kichupa angemwacha aende.

"Anabaki hadi saa tisa," alisema.

"Umesemaje?"

"Anabaki, Mama. Si kwa ajili yake. Kwa ajili ya kazi yangu."

Mama aliwatazama wote wawili, akasonya msonyo mrefu, akaingia ndani akabamiza mlango. Baada ya muda ulifunguka kidogo, sahani moja ya chakula ikawekwa nje kizingitini. Moja tu. Kichupa aliisukuma katikati yao, wakala bila kutazamana.

Mwenye duka alifika saa tisa kasoro dakika kumi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, wa kukaa ukingoni mwa kiti kana kwamba kiti kinamdai. Mama naye alitoka akakaa pembeni, mikono kifuani, kulinda mali yake. Mwenye duka hakugusa chupa. Aliushika mkono wa Kichupa.

"Umejipaka saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu asubuhi."

Alinusa. Uso wake haukusema lolote. "Nieleze. Ninanusa nini hapa?"

Kichupa angeweza kuongopa. Daftari lote lilikuwa kichwani, na maneno ya seremala ya kutwa nzima yalikuwa masikioni. Nani angejua? Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa akimtikisia kichwa kwa siri: sema, sema chochote.

"Siwezi kukueleza," alisema. "Nimepoteza pua yangu miezi mitatu iliyopita. Hesabu ni yangu, mkono ni wangu, mafuta nimechagua mimi. Lakini sijayanusa."

Mwenye duka aliuachia mkono ule kama uliomwunguza. "Na hili ulitaka nilijue lini? Nikishawapaka mabibi harusi wangu? Mimi nimekuja kununua macho kwa kipofu?" Aliinuka. "Nani ameyanusa basi?"

"Mimi," alisema seremala kutoka mlangoni.

"Wewe si fundi wangu wa maboksi?"

"Ndiye. Na ni mume wake."

"Wa kwenye karatasi," alisema mama.

Mwenye duka alimpima seremala toka viatu hadi penseli. "Haya, mume wa kwenye karatasi. Sema. Na usinipambie."

Swali lilikuwa lilelile, mbele za watu vilevile, na mdomo ulikuwa uleule.

"Robo saa ya kwanza ni makali," alisema seremala. "Bibi harusi akijipaka na kuingia garini papo hapo, wenzake watafungua madirisha."

Mama alijipiga paja. Kichupa alifumba macho. Hasira ilimjia yote kwa mara moja, ya zamani na ya sasa, lakini chini ya hasira alikuta kitu ambacho siku ile ya ukumbini hakuwa nacho. Alikuwa anajua. Asubuhi walikuwa wamebishana kuhusu robo saa hiyo, na ni yeye mwenyewe aliyekataa kuilainisha.

"Ni kweli," alisema, akafumbua macho. "Nimeyaacha hivyo makusudi. Ukiulainisha mwanzo, unaua mwisho. Kwa hiyo asijipake garini. Ajipake akitoka kuoga, ngozi bado ina unyevu, kabla hajavaa gauni. Matone mawili, si manne. Nyuma ya masikio na kwenye mkunjo wa kiwiko. Wala asiweke kwenye kitambaa cheupe, sandali inaacha doa."

Mwenye duka alikuwa bado amesimama. "Na baada ya robo saa?"

Seremala alijibu akimtazama mkewe, si mteja. "Waridi linakuja na bua lake. Si waridi la pipi, ni lile lililokatwa sasa hivi, bado bichi, lina miiba. Halafu mbao zinaingia taratibu, kavu, hazimsumbui. Mchana hujui tena kipi ni ua na kipi ni mti. Alasiri hii yamebaki kwenye ngozi tu. Hayajazi chumba. Mtu akitaka kuyasikia lazima amsogelee aliyeyavaa. Na akishamsogelea, hataki kurudi alikotoka."

Hata mama alisahau kusonya. Kichupa alijua uso wake umewaka moto, akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Mwenye duka aliushika mkono wa seremala ghafla, akaunusa. Akarudi kwa Kichupa, akanusa tena. "Chupa moja?"

"Moja," alisema Kichupa.

"Kwake ni mti. Kwako ni ua." Kwa mara ya kwanza alikaa kiti kizima. "Basi na bwana harusi atavaa. Sikuwa nimefikiria hilo." Aligonga meza kwa kidole. "Nayachukua. Lakini sikilizeni vizuri. Kila mchanganyo unaotoka hapa upite kwenye pua ya huyu mwanaume, kutwa nzima, kwenye ngozi, kama leo. Siku asiponusa, sichukui hata chupa moja. Mambo yenu ya karatasi hayanihusu."

Aliondoka bila kuaga, na mama akamfuata hadi getini, akimweleza kwamba binti yake alikuwa mtoto mwerevu tangu darasa la kwanza na kwamba mkwe huyu hakuchaguliwa na familia.

Walibaki wawili. Seremala alirudisha randa kwenye begi, akaifunga futi, akatafuta penseli yake kila mahali isipokuwa nyuma ya sikio.

"Usidhani nimekusamehe," alisema Kichupa.

"Sijadhani."

"Umenitisha. Nilijua umenimaliza tena."

"Alisema nisimpambie."

"Na wewe ukaona bahati imekuangukia!" Alipangusa meza iliyokuwa safi. "Hii ni kazi tu. Usije hapa na maneno matamu."

"Unajua sina."

Alijua. Ndiyo maana yale machache aliyoyasema mbele ya mteja yalikuwa bado yakimzunguka kifuani, yamekosa pa kutokea. Seremala alitupia begi begani, akamuaga kwa kichwa, akapita uani. Kichupa aliamua hatamtazama. Mguu wake haukuwa na habari na uamuzi huo, ukamfikisha kizingitini.

"Fundi!"

Aligeuka haraka kuliko mtu asiyetarajia kitu.

"Kesho saa moja kamili," alisema Kichupa. "Na usioge kwa sabuni ya kunukia."

Akampa kisogo kabla hajajibiwa, maana uso wake ulikuwa umeanza kumsaliti.